Sababu Kumi na Mbili za Mzee Otiende

Willis Otiende alikuwa jirani yangu hapa Buruburu kwa miaka ishirini na saba, ukuta mmoja tu kati yetu, na katika muda huo wote sikuwahi kumsikia akikubali kosa. Alifanya kazi ya reli, upande wa ishara, na mimi nadhani ndiyo iliyomharibu. Mtu akizoea kuinua mkono na treni nzima ikasimama, hata akistaafu atataka watu wasimame. Mimi Syombua, Mama Ndinda kwa majirani, karani mstaafu wa kanjo, yaani baraza la jiji, nilisimamishwa kuliko wote. Nina jogoo anayeitwa Kanjo, ambaye alikuwa akiwika alfajiri chini ya dirisha la chumba cha Otiende, na kila Jumatatu Otiende aliniletea malalamiko yake kwa maandishi, yana tarehe na sahihi. Ninayo yote kwenye droo.

Kilichotuweka pamoja ni tamthilia. Inaitwa Veshmor, na kama hukuiona nitakusimulia kwa ufupi, jambo ambalo Otiende asingeniruhusu. Kuna nchi ya theluji na majoka, isiyo na chakula cha maana, yenye kiti kimoja cha enzi ambacho kila mtu anakitaka. Kuna mtu anaitwa Haldrek ambaye alinyang'anywa kiti hicho, akaondoka kwenda kukipigania. Siku ya kuondoka alimwacha mkewe, Ysmera, katika nyumba ya mawe juu ya kilima, akamwambia narudi. Ysmera akaweka taa dirishani. Haldrek akapigana misimu tisa, na kila msimu mkewe alikuwa anaonyeshwa dakika moja tu: anaongeza mafuta kwenye taa, anachungulia nje, basi, tunarudi vitani.

Otiende ndiye aliyembandika Ysmera jina la Mama Taa. Akitokea tu, alikuwa anatuambia, haya, Mama Taa huyo, nani anaenda kuchemsha chai. Sisi tulikuwa tunavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, na afadhali niliseme mapema.

Tulikuwa tunakutana sebuleni kwake kila Jumapili saa nane, baada ya kanisa na chakula. Tulijiita Baraza la Veshmor. Alikuwapo Wathome, mchongaji mwenye kibanda Pumwani, mtu wa maneno machache. Alikuwapo Whitney, msichana wa duka la dawa aliyepanga chumba cha nyuma cha Otiende, ambaye ndiye aliyejua kuifungua tamthilia kwenye televisheni na kusoma mitandaoni watu wa nje wanasema nini. Griffins, kifungua mimba wa Otiende, alikuwa anakuja kutoka Donholm akipata nafasi. Wathome alituchongea kigoda cha mjakaranda chenye vichwa viwili vya joka, kimoja kikatoka na uso wa mbuzi, na sheria ilikuwa kwamba anayetaka kubishana lazima akae hapo kwanza. Asiyekaa hasikilizwi. Otiende alikikalia kigoda hicho mpaka kikang'aa.

Na tulibishana. Mwezi mzima Wathome na mimi hatukusalimiana vizuri kwa sababu ya joka lililokataa kutema moto langoni. Yeye alisema joka lilikuwa na huruma. Mimi nikasema joka halikuwa limekula tangu msimu wa pili, nimefuatilia, hakuna hata mara moja tumeonyeshwa mtu akililisha. Otiende alitusikiliza wote wawili, kisha akatuambia tumekosea.

Sasa nimlete Adoyo, mke wa Otiende, Mama Griffins wetu. Mwanzoni alikuwa nasi. Alikuwa anakaa karibu na mlango wa jikoni, akitazama nusu na kukaanga mandazi nusu, na sikumbuki kama aliwahi kupata nafasi ya kukalia kigoda. Otiende alipostaafu, Adoyo alisema wakati wa kurudi nyumbani Siaya umefika. Otiende akasema ni kweli kabisa, wewe tangulia, mimi nitakufuata.

Hapo inabidi nieleze jambo. Nimeishi na Wajaluo vya kutosha kujua kwamba boma jipya haliingiwi ovyo. Mwenye boma huenda alfajiri na jogoo mkononi, mwanawe wa kwanza akiwa na shoka, mkewe akifuata na moto, na usiku wa kwanza mume na mke hulala hapo. Mke hawezi kwenda kufungua boma peke yake wakati mumewe yu hai Nairobi anatazama televisheni. Kwa hiyo Adoyo alikaa kwenye simba, kile kijumba ambacho Otiende alijijengea ujanani katika boma la marehemu babake. Kiwanja chao kilikuwa kimechaguliwa, mabati yamelala kwa shemeji, matofali yameota nyasi. Mwanamke mwenye wajukuu wanne akawa analala kwenye nyumba ya kijana, akingoja jogoo.

Mwanzoni Otiende alikuwa na sababu za kawaida: goti, halafu mvua, halafu goti kwa sababu ya mvua. Zilipomwishia akashika Veshmor. Siku moja alikaa kwenye kigoda mbele yetu sote, akainua mkono, akaapa kwamba siku Haldrek atakapokalia kile kiti cha enzi, yeye Otiende atapanda basi la Siaya. Ilisemekana msimu wa saba ndio wa mwisho. Watengenezaji wakaongeza wa nane. Kisha wa tisa. Sijawahi kumwona mtu akifurahia ucheleweshaji wa watu wengine namna ile. Kila Krismasi alikwenda nyumbani siku tatu, akarudi mbio, akasema ana kazi aliyoianza.

Sehemu ya mwisho tuliitazama Jumapili moja mwezi wa nane, sebule imejaa hadi veranda. Haldrek akaingia ukumbini, maadui wote wamelala chini, akapanda ngazi, akakaa. Otiende akasimama akapiga makofi. Mimi nilimtazama yeye badala ya televisheni, nikawa nafikiria basi. Nilifurahi kwa ajili ya Adoyo, nisifiche, na wakati huohuo nikaona sebule ile itakavyokuwa tupu.

Lakini Haldrek alikaa muda wa kumaliza kikombe cha chai, basi. Akavua taji, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Akatembea katika theluji mpaka kilimani, taa ikiwa dirishani, akabisha hodi mara moja. Ysmera akafungua. Majina ya watu yakaanza kupanda.

"Ati nini?" Whitney akasema.

Sebule ikawaka. Whitney alikalia kigoda akasema hao waandishi walichoka tu, waliandika hiyo sehemu wakiwa na njaa ya lunch. Wathome akakikalia baada yake akasema yeye ameridhika, mtu amechoka ameenda kwake, tulitaka nini kingine. Otiende akamwomba ainuke kwenye kigoda hata kabla hajamaliza sentensi.

Kisha Otiende akazungumza dakika arobaini. Alisema mtu hawezi kupigania kitu umri wote akakiacha siku aliyokipata. Alisema ukumbini mle kulikuwa na watu waliomheshimu, waliomsikiliza, na kilimani kuna nini? Kuna upepo. Mtu wa kiasi cha Haldrek atafanya kazi gani huko, kufukuza kuku kwenye shamba la mahindi? Hapo Whitney alinitazama nami nikamtazama. Katika misimu tisa ya Veshmor hatukuwahi kuona shamba la mahindi.

Wiki iliyofuata nilimuuliza kupitia ukutani kama ameshakata tiketi. Alinijibu kwa utulivu wa mtu wa serikali kwamba hadithi yenye mgogoro haiwezi kuhesabiwa kuwa imeisha. Mgogoro wenyewe alikuwa ameuanzisha yeye, lakini hilo halikumsumbua. Aliandika barua kwa watengenezaji, akaipiga chapa, juu kabisa ikiwa na maneno KUH: KUTENGENEZWA UPYA KWA SEHEMU YA MWISHO. Iliandikwa kwa Kiswahili, na Whitney alipomwambia hao watu wako ng'ambo, akasema watatafuta mkalimani, wana pesa za majoka.

Ilikuwa na sababu kumi na mbili. Sababu ya tatu ilisema kwamba kiti cha enzi hakiachwi bila ripoti ya makabidhiano. Ya saba, kwamba mtu hatoki kituoni kabla wa zamu inayofuata hajafika akatia sahihi kitabuni. Ya kumi na moja ilikuwa yangu, kuhusu joka kuachwa bila mlishaji, nami nilijivuna nayo sana. Ya kumi na mbili ilisema kwamba nyumbani hapakimbii, na pangemngoja.

Alizunguka nayo wiki nzima. Alipata sahihi arobaini na tatu zikiwa na nambari za vitambulisho, zikiwemo za mafundi wa kuchomelea vyuma ambao hawajawahi kuona hata sehemu moja. Mimi nilitia yangu. Hata Wathome alitia, akaandika kando kwa kalamu, "kwa shingo upande." Alhamisi asubuhi Otiende akaipiga picha barua yote, kurasa tatu na sahihi zake, akaituma kwenye kikundi cha Baraza la Veshmor katika simu zetu.

Hapo ndipo alipoteleza. Adoyo alikuwa bado yumo kwenye kikundi hicho. Aliingizwa miaka ile alipokuwa anatukaangia mandazi, akaondoka Nairobi, na kwa kuwa hakuwahi kuandika neno, hakuna aliyekumbuka kumtoa. Ujumbe wote wa sauti ambao Otiende alitutumia, dakika kumi, dakika kumi na tano, kumcheka Mama Taa, kutuuliza kama taa yake inatumia mafuta au upumbavu, wote ulikwenda pia Siaya.

Ilikaribia saa sita mchana, nimekaa mlangoni nachagua maharagwe. Simu ikalia. Ujumbe wa sauti, jina Mama Griffins. Nilifikiri kuna msiba. Nikabonyeza.

"Hamjambo nyote," Adoyo akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Ni mimi Mama Griffins. Nimesoma hiyo barua yenu, nimesoma mara mbili. Hii sinema nimeitazama na nyinyi mpaka mwisho, Whitney aliniwekea kwa simu Krismasi ile alipokuja kututembelea. Nauliza kitu kimoja tu. Kwa hizo sababu kumi na mbili, yule mama wa taa yuko wapi? Sijamwona. Joka mmelitafutia mtu wa kulilisha, kiti mmekitafutia ripoti. Sasa kama mmekubaliana huyo mfalme asirudi, ni sawa, mimi sina neno. Lakini mtu aende amwambie yule mama azime taa alale. Msimwache dirishani. Hayo tu. Mchana mwema."

Ulikuwa ujumbe wa dakika moja na sekunde chache, muda uleule aliokuwa anapewa Ysmera kila msimu.

Maharagwe yalibaki kwenye ungo. Niliona aibu, aibu hasa, ile ya kupandisha joto masikioni. Nimekaa na yule mwanamke ukuta kwa ukuta, nimekula mandazi yake sijui mangapi, na nilipopewa nafasi ya kuandika sababu yangu moja nililifikiria joka. Kwenye kikundi tuliona tu kwamba kila mtu ameusikia. Whitney alikuja kwangu jioni akakaa, akasema, "Mama Ndinda, tumekuwa wajinga, si ndio?" Nikamwambia ndio, na usijitoe, umo.

Jumapili mlango wa Otiende ulikuwa umefungwa, kwa mara ya kwanza tangu msimu wa kwanza. Jumatatu nilingoja malalamiko ya jogoo hayakuja. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimpigia Griffins Donholm, akaniambia baba yake anapokea simu, anasema yuko sawa, anakata.

Jumanne alikuja kwenye ukuta, kofia kichwani, akasimama pale anaposimama siku zote.

"Mama Ndinda," akasema, "nataka huyo jogoo wako."

Nilimwambia Kanjo hachinjwi kwa kosa la kuwika, na kama ana hasira atafute pengine pa kuzitolea. Akatikisa kichwa.

"Sio wa kuchinja. Ni wa kubeba."

Nikamwelewa. Lakini sikutaka kumpa raha hiyo upesi, nikamuuliza kama Siaya nzima imeishiwa majogoo.

"Wapo," akasema. "Lakini huyu ameniamsha miaka minne. Nimemzoea." Kisha akaangalia chini. "Sikujua Mama Griffins alikuwa anasikiliza, Mama Ndinda. Yote niliyosema juu ya yule mama, alikuwa anasikia. Nilikosea."

Miaka ishirini na saba nilikuwa nimelingoja neno hilo, nikiwa nimeshaandaa na jibu la kumkomoa, na lilipofika nilisema tu kwamba mimi pia nilicheka. Nikaenda kumshika Kanjo.

Mambo mengine yalikwenda haraka kama yanavyokwenda yakiisha kucheleweshwa. Wathome alichonga mpini wa shoka, wa muhuhu, na safari hii hakuweka kichwa cha joka wala cha mbuzi. Griffins aliomba ruhusa kazini. Whitney aliachiwa funguo na ile televisheni, pamoja na maagizo ya kuitunza ya ukurasa mzima. Asubuhi ya Ijumaa tulimsindikiza Otiende hadi kwenye gari la Griffins, kigoda kikiwa kwenye buti, Kanjo akiwa kwenye kapu la kitenge juu ya mapaja yake, anatutazama kwa dharau ileile.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Griffins aliporudi, na Griffins hatii chumvi, hakurithi kipaji cha babake. Walifika saa kumi jioni. Otiende akashuka na jogoo wake kwapani, akaenda kwenye mlango wa simba, akabisha. Adoyo alikuwa ndani, Griffins alimwona dirishani. Mlango haukufunguliwa. Otiende akabisha tena. Akakohoa. Shemeji za Adoyo wakatoka wakakaa kwenye kivuli kutazama. Kanjo akajisaidia kwenye koti la Jumapili. Muda ulipita, Griffins anasema karibu saa nzima, urefu wa sehemu moja ya Veshmor, na Otiende hakuondoka pale wala hakuinua mkono kumsimamisha mtu.

Mwishowe Adoyo akauliza kutoka ndani ni nani.

"Ni mimi, Otiende. Nimechelewa."

"Misimu mingapi?"

Otiende akafikiri. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutafuta sababu.

"Mitatu," akasema.

Mlango ukafunguliwa.

Alfajiri ya kesho yake walikwenda kiwanjani, baba mdogo wa Otiende akitangulia kwa niaba ya marehemu kaka yake, Otiende na jogoo, Griffins na shoka, Adoyo na moto. Kufikia jioni kijumba cha mabati kilikuwa kimesimama, na wakalala hapo. Griffins alituletea picha. Adoyo ndiye amekaa kwenye kigoda, amenyoosha miguu, na Otiende amesimama nyuma yake ameshika kikombe. Kanjo amefungwa kwenye kile kichwa cha mbuzi cha kigoda.

Jumapili iliyofuata barua yetu ilirudi kwenye kikundi, imepigwa picha upya. Sababu zote kumi na mbili zilikuwa zimefutwa kwa mstari wa rula, na huo ni mkono wa Otiende, naujua. Chini yake palikuwa na sababu moja, kwa mwandiko wa Adoyo. Ilisema kwamba kosa la sehemu ya mwisho ni Ysmera kufungua mlango hodi ya kwanza, na kwamba itengenezwe upya, Haldrek abaki nje kwenye theluji kipindi kizima, ndipo afunguliwe.

Tulikutana chumbani kwa Whitney, watatu tuliobaki, tukaijadili. Hakuna aliyepinga, hata Wathome. Nilitia sahihi ya kwanza, nikaandika na nambari ya kitambulisho.

Siku hizi nalala mpaka saa mbili na nusu, maana hakuna wa kuniamsha. Jumatatu bado natazama chini ya mlango kama kuna karatasi.